Ukuta Uliolala

Waliniita kwa sababu ya mikono.
Miaka thelathini nimepiga lipu El Alto,
nyumba za watu, ngazi za watu,
na kaburi moja la sajini.
Hakuna aliyewahi kuniomba bonde.

"Doña Fortunata," akasema Yhoselin,
magoti yake yamegongwa mihuri kama pasipoti,
"tunataka ukuta, lakini uliolala."
Nikamwuliza ukuta uliolala unazuia nini.
Akacheka. "Hauzuii kitu. Unaturudisha."

Kiwanja kilikuwa nyuma ya karakana ya mabasi iliyofungwa:
nyasi kavu, mbwa wawili na hasira zao,
na juu yetu vibanda vyekundu vya waya
vikiteremsha watu La Paz bila kugusa ardhi.
Ofisi ya mtaa ilitupa barua yenye muhuri.
Saruji haikutupa.
Saruji ilitoka kwa Grover, aliyeuza pikipiki yake
na hakusema,
mpaka tulipomwona anatembea.

Msaragambo wa Jumapili.
Muuza viazi alileta koleo,
kijana wa benki alileta glavu mpya, tukamcheka;
saa nne zilikuwa zimetoboka, yeye bado anachota mchanga,
hatukucheka tena.
Kabla ya zege tulimwaga bia chini,
ardhi inywe kwanza, kisha sisi.

Huku juu maji hulala yakiwa maji, huamka yakiwa kioo.
Niliwaambia. Walikuwa na mbao zao kwapani,
magurudumu yanazunguka hewani, yamechoka kungoja.
Alfajiri ufa ulikata bonde katikati,
mrefu, unaijua njia,
kama mtu anayekwenda kulipwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Na kama mwenye ufa ni ukuta wenyewe,
na umelala?
Delmer, miaka kumi na minne, alivuta kofia usoni
akawa analia kwa kificho, kama mtu anayezuia chafya.
Nikampa nyundo.
Tulibomoa hadi saa sita, na mbwa wakasogea kutazama.

Jumapili ya pili nilifungua kabati la mama.
Marehemu alikoroma mpaka majirani wakagonga ukuta,
na aliacha blanketi moja la sufu ya lama,
zito kama deni.
Nikalibeba, nikapiga hodi mlango kwa mlango.
Magharibi tulikuwa nayo arobaini na matatu:
moja lina picha ya chui,
moja linanuka dawa ya kikohozi,
moja mwenyewe alitaka risiti.
Tulilifunika bonde likaonekana mgonjwa wa ukoo mzima.
Nikalala kando yake na koti,
majani ya koka shavuni,
nikisikiliza kama linatetemeka.

Asubuhi hapakuwa na ufa.
Ila kona ya mashariki, pale blanketi la mama
lilipolowa na kuzama,
nyuzi zilikuwa zimeandika kwenye saruji:
mistari, almasi ndogo ndogo, ukingo uliosokotwa.
Nikachukua mwiko nipasawazishe.
Kasoro ni kasoro, nina jina la kulinda.
Yhoselin akanishika kiwiko.
"Paache."

Siku hizi nikitoka kazini hugeuza ndoo, nikakaa.
Sijui majina ya mbwembwe zao.
Najua kwamba Delmer huanguka upande wa kushoto,
kwamba kijana wa benki huja na tai mfukoni,
na naijua sauti:
magurudumu kimya, kimya, kimya juu ya lipu yangu,
kisha, wakifika ile kona,
krrr.
Kila mtoto, kila mzunguko,
anayeruka na anayeshuka kwa makalio,
krrr.

Mama anakoroma.
Hakuna anayegonga ukuta.